Shikamoo ya Malkia Manukato

Nchi ninayotaka kuisimulia haipo. Nimeombwa niliseme hilo mapema, na aliyeniomba alikuwa mtu mpole sana, akaninunulia na soda, kwa hiyo nimekubali. Haipo. Mkiona mahali panapofanana nayo, jueni macho yenu yanawadanganya, nendeni mkapimwe.

Basi katika nchi hiyo isiyokuwapo, Wizara ya Mipango ilichoka kupanga. Kupanga kuna kazi, jamani! Mara huku hakuna maji, mara kule hakuna dawa, kila mtu anadai chake ndicho cha haraka, na waziri ni mmoja na shingo yake ni moja. Ndipo Mheshimiwa Waziri, Daktari Profesa Mhandisi Filibati Ngonyoka, alipopata wazo akiwa anatazama televisheni. Akaivunja idara nzima ya mipango, akawaambia wachumi wakatafute kazi ya maana, na mahali pake akaanzisha mashindano. Yakaitwa Shida Bora ya Taifa. Kila Jumamosi kata tatu zinasimama mbele ya majaji, kila moja inaeleza shida yake kwa dakika tatu, wananchi wanapiga kura kwa simu wiki nzima, na shida iliyoshinda inatatuliwa. Zilizoshindwa zinapewa fulana.

"Zamani shida zilikuwa zinatatuliwa gizani," alisema Mheshimiwa siku ya uzinduzi. "Sasa zitatatuliwa mbele ya taa. Huu ndio uwazi!"

Na mambo yalikwenda, msicheke. Kata moja ilipata paa la shule kwa sababu mwalimu mkuu alijua kucheza kwa kutingisha mabega. Nyingine ilikosa chanjo kwa sababu diwani wake alikuwa na kitambi, watazamaji wakasema hawa wanashiba hawa. Siku za Jumamosi mitaa ilibaki mitupu, kila mtu yuko mbele ya televisheni anapima shida ya mwenzake.

*

Bi Mwatumu Chipaka alikuwa nesi pekee wa zahanati ya Lukwesa, kata iliyoko upande mbaya wa mto wenye jina hilohilo. Hospitali iko ng'ambo, nusu saa kwa gari. Daraja la magogo lilichukuliwa na maji miaka mitatu nyuma, na tangu hapo wakati wa kiangazi watu huvuka kwa miguu, na masika hawavuki. Akina mama waliojifungua vibaya wakati wa masika, Bi Mwatumu ndiye aliyewafumba macho. Walikuwa saba. Majina yao alikuwa nayo kichwani.

Wa nane aliogopa kumfikiria, maana huyo angekuwa Zamda, mwanawe wa pekee. Uzazi wa kwanza Zamda alitokwa damu mpaka akaongezewa chupa nne, na daktari alimwonya huku akimnyooshea kidole: mimba nyingine, mama, usithubutu kujifungulia upande ule. Sasa mimba nyingine ilikuwa na miezi minane na nusu. Zamda alikuwa ameshapanga kanga zake kwenye kikapu, aende akakae kwa shangazi wa mumewe, jirani na hospitali. Ndipo ikaja barua kwamba kata ya Lukwesa imechaguliwa kushiriki mashindano, na kwamba mwakilishi wake awe nesi.

Barua ilikuwa na kanuni arobaini na moja. Bwana Kizito Ndimbo, mtendaji wa kata, alizisoma kwa sauti barazani kwa Bi Mwatumu, na alipofika ya kumi na tisa akapunguza mwendo. "Mshiriki na jamaa zake wa karibu hawaruhusiwi kuihama, kuipunguza wala kuikimbia shida yao mpaka matokeo yatangazwe. Shida itakayokutwa imepungua, kata yake itaondolewa."

"Maana yake nini?" Zamda aliuliza.

"Maana yake, mwanangu, ukivuka wewe, shida imepungua."

Bi Mwatumu akanyanyuka. "Basi atasimama mwingine. Wewe shika kikapu chako uende kwa shangazi."

"Mwingine nani, mama? Bwana Kizito, anayesinzia amesimama?"

"Zamda! Adabu!"

Bwana Kizito akakohoa, akatazama miguu yake.

"Barua imesema nesi, na nesi ni wewe," Zamda alisema, sasa bila utani. "Masika bado wiki nne, mashindano ni wiki mbili. Watu wote hawa wakose daraja kwa ajili ya tumbo langu? Nitawatazamaje, mama?"

Angeweza kukataa. Alikuwa mama na alikuwa nesi, na vyote viwili vilimwambia akatae. Lakini aliwakumbuka wale saba, akaona akipata daraja hatamfumba mwingine macho tena mpaka afe yeye, na tamaa ya kitu hicho ikamshinda. Akasema, "Haya."

*

Kule mji mkuu walimpokea vizuri sana. Afisa Udhibiti wa Unyonge, dada mmoja mwenye kucha ndefu, alimzunguka mara mbili kisha akasimama kwenye viatu.

"Mama, hivi vina visigino."

"Nilivinunua harusi ya mwanangu."

"Hongera. Vua. Mnyonge havai visigino, watazamaji wanachanganyikiwa." Akamletea ndala kutoka stoo ya unyonge, moja ya bluu na moja ya kijani. "Hotuba yako unaijua?"

Bi Mwatumu aliijua. Njia nzima alikuwa akiirudia kwenye basi: majina saba, umri wao, na watoto waliowaacha. Mwishoni angesema jina la Zamda. Alikuwa ameipima kwa saa ya Bwana Kizito, dakika mbili na sekunde hamsini.

Kitu ambacho hakukijua ni kwamba Jumamosi ile kulikuwa na jaji mgeni. Malkia Manukato! Msiomjua, naona haya kwa niaba yenu. Huyu alikuwa mwimbaji, mwigizaji, na muuza marashi yenye jina lake, na mashabiki wake walijiita Vyetezo, kwa kuwa popote anapopita Malkia wao ndio wanaofuka moshi. Vyetezo walikuwa na matawi kila wilaya, kadi za uanachama, na mwenyekiti wa taifa aitwaye Bwana Shedrak Mapembe, mtu wa suti ya zambarau. Siku hiyo walijaza ukumbi tangu asubuhi, na wengine waliokosa viti walikuwa juu ya mti wa mapambo, nao ulikuwa wa plastiki.

Zamu ya Lukwesa ilipofika, Bi Mwatumu akatembea mpaka katikati ya taa na ndala zake mbili. Saa kubwa ukutani ikaanza kuhesabu. Akafungua mdomo. Hapo Malkia Manukato akainuka kitini, akashuka ngazi akiburuza gauni, akaja mpaka mbele ya yule mama, akapiga goti.

"Shikamoo, mama," alisema kwenye kipaza sauti.

Ukumbi ulipasuka. Vigelegele, filimbi, watu wakakumbatiana na watu wasiowajua. Amempa shikamoo! Malkia amempa shikamoo mwenye ndala! Mmoja akazimia, akapepewa, akazinduka, akauliza kama bado amepiga goti, akaambiwa ndiyo, akazimia tena.

"Marahaba, mwanangu," alisema Bi Mwatumu kelele zilipopungua.

"Habari za nyumbani?"

Sasa nyinyi mniambie. Mtu aliyelelewa, ameulizwa habari za nyumbani, anajibu nini? Hata aliyefiwa asubuhi hiyo husema nzuri kwanza, kisha ndipo huja ile *ila*. Nzuri, ila tumempoteza babu. Salama, ila nyumba imeungua. Salamu ni salamu, shida inangoja mlangoni mpaka salamu ziishe. Bi Mwatumu hakufikiri hata kidogo.

"Nzuri, mwanangu."

Vigelegele. Akangoja viishe, maana huwezi kusema juu ya vigelegele vya watu.

"Watoto hawajambo?"

"Hawajambo."

Vigelegele tena, na wimbo mfupi.

"Na huko mtoni?" Malkia aliuliza, akiisoma kadi aliyopewa.

"Salama tu," alisema Bi Mwatumu. "Ila…"

Kengele ikalia. Dakika tatu zilikuwa zimekwisha. Malkia alikuwa analia, machozi yanashuka bila kuharibu wanja, akaigeukia kamera akasema, "Mmeona? Hana kitu, na bado anasema nzuri. Mimi leo nimejifunza." Bi Mwatumu alisimama pale na majina yake saba mdomoni, mpaka dada wa kucha akaja kumshika mkono, kwa sababu taa zilikuwa zinahitajika na kata nyingine.

*

Kwa mujibu wa kanuni ya thelathini, neno lolote linalosemwa hewani na mshiriki ni takwimu rasmi ya taifa. Mtakwimu Mkuu aliandika usiku huohuo kwenye Kitabu cha Hali ya Nchi: *Lukwesa. Habari, nzuri. Watoto, hawajambo. Mtoni, salama.*

Taifa lenyewe halikuwa na habari na kitabu. Taifa lilikuwa na goti. Je, Malkia alipiga goti moja au mawili? Gauni lilikuwa refu, hakuna aliyeona. Kufikia Jumatatu nchi ilikuwa imegawanyika. Goti Moja walisema moja linatosha kwa mama asiye wako, Magoti Mawili walisema kumpunguzia Malkia goti ni chuki. Walipigana sokoni, daktari mmoja akagoma kumshona wa upande wa pili. Bunge liliahirisha mjadala wa njaa, likaunda Kamati Teule ya Magoti, na wajumbe wakaomba posho ya kwenda kulikagua gauni. Kanga mpya zikatoka, zimeandikwa NIMEPIGA GOTI SIJAPUNGUA, zikaisha siku moja.

Na Bi Mwatumu? Mashabiki walimkumbuka pia. Mtu mmoja alikaa na saa akapima muda kati ya shikamoo na marahaba: sekunde kumi na tisa. Mwanamke gani huyu, wakaandika, anamwacha Malkia chini kwa sekunde kumi na tisa? Maringo! Hakuna aliyesema kwamba sekunde zote zile walikuwa wakipiga kelele wao.

Jumatano Bi Mwatumu aliingia Ofisi ya Marekebisho ya Kauli, iliyoko nyuma ya ukumbi, ili kauli yake ibadilishwe kabla kura hazijafungwa. Kwenye foleni aliapa moyoni: leo salamu haitanila mara ya pili. Afisa aliitwa Gerevas, shati limepigwa pasi, uso wa heshima.

"Shikamoo, mama. Karibu ukae."

"Marahaba, baba."

"Habari za kwenu?"

"Mbaya."

Kalamu ya Gerevas ikasimama hewani. "Mama, nimekusalimia."

"Nami nimekujibu, baba. Mbaya. Hilo ndilo lililonileta."

"Hapana, hapana. Hayo utaniambia baadaye. Kwanza tunasalimiana, sisi si mbuzi. Habari za kwenu?"

"Mbaya, mwanangu. Hatuna daraja, na binti yangu…"

"Mama!" Gerevas alikuwa ameumia kweli, si maigizo. Akamwita mwenzake wa meza ya pili aje amsikie. Watu wa foleni nao wakaanza kuguna. Bibi mmoja nyuma akasema, "Mtu mzima huyo, loo! Umelelewa wapi, dada?"

Neno lile lilimchoma Bi Mwatumu kuliko yote. Alilelewa vizuri. Mama yake alimfundisha kumsalimia hata mtu aliyemwibia kuku. Aliona macho ya watu wote mgongoni, mashavu yakawaka, akajiambia nikishaisema tu atanisikiliza.

"Nzuri," alisema. "Nzuri, ila…"

Gerevas akapiga muhuri. "Kauli imethibitishwa mara ya pili."

"Na *ila* je? Andika na *ila*."

"Fomu ina nafasi moja, mama. Ungeanza nayo hiyo." Akamgeuzia fomu aione mwenyewe. Kweli, nafasi ilikuwa moja.

Alitoka pale akiwa na hasira. Akasema peke yake barabarani, kwa sauti, kanuni zikafie mbele, daraja likafie mbele, mimi namvusha mwanangu. Akapanda basi la kwanza. Ni safari ya siku mbili. Na kabla hajafika popote, yule mwenzake Gerevas alikuwa ameshawaandikia Vyetezo: *Bibi wa Lukwesa kakanusha wema wa Malkia. Kasema mbaya.*

*

Mvua ilinyesha Ijumaa, wiki mbili kabla ya wakati wake. Yenyewe haikuwa imesaini kanuni. Bi Mwatumu alivuka maji yakiwa kifuani, viatu vya harusi kichwani, akafika nyumbani amelowa akamkuta Zamda anapepeta mchele.

"Kesho asubuhi tunavuka," alisema. "Usinijibu kitu."

"Sijasema kitu, mama. Badili nguo kwanza."

Kesho yake mto ulikuwa umekula kingo zote mbili. Walisimama na kikapu wakautazama, kisha wakarudi.

Jioni walisikiliza matokeo kwenye redio ya Bwana Kizito. Lukwesa ilipata kura mia sita na mbili. Mshindi, kwa kura milioni tisa katika nchi yenye watu milioni saba, alikuwa Malkia Manukato. Watu walimpigia jaji! Mwanasheria wa Serikali akafafanua kwamba amezisoma kanuni zote arobaini na moja na hakuna inayomkataza jaji kuwa na shida. Na kura zake alizipata kwenye shida ya Lukwesa, kwa hiyo daraja ni lake, na litajengwa nyumbani kwake, juu ya bustani ya mawaridi. Mwandishi mmoja akamuuliza Mheshimiwa Waziri kama huko kuna mto.

"Tusianze kukatishana tamaa," alijibu Mheshimiwa. "Daraja litangulie. Mto utafuata."

Bwana Kizito alizima redio. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alitukana, tusi zito kabisa, mbele za wanawake, na hakuna aliyemkemea.

Zamda alishikwa na uchungu alfajiri ya Jumapili. Saa tatu mtoto akatoka, wa kike, mzima, analia kwa nguvu. Zamda akacheka. Kisha damu ikaja, na Bi Mwatumu akafanya yote anayoyajua, sindano iliyokuwepo, kulikandamiza tumbo kwa ngumi, maji ya mshipani chupa ya mwisho, na damu ikaendelea kuja. Alijua anachokiona. Alikuwa amekiona mara saba.

"Ng'oeni mlango," aliwaambia wanaume.

Waling'oa mlango wa zahanati, wakamlaza juu yake, wakamfunga kwa kanga zake tatu. Wanaume wanane, mumewe Shaweji akiwa mbele, waliingia mtoni wameshikana kamba, maji yanawafika mabegani na mlango uko juu ya vichwa vyao. Bi Mwatumu alikuwa katikati, mkono wake mmoja umeshika kifundo cha mguu wa mwanawe. Mmoja aliteleza, wakampata. Walivuka. Mimi nasema hivi, watu wale walivuka mto ule bila daraja, na wangeweza kuishia hapo hadithi ikawa nzuri.

Ng'ambo kulikuwa na basi. Jipya, refu, limechorwa uso wa Malkia Manukato kuanzia kwenye taa mpaka kwenye matairi ya nyuma. Vyetezo hamsini walikuwa wamekuja na suti za zambarau kuiona kata ya mama aliyepewa shikamoo, na kumuuliza kulikoni.

"Ni yeye! Ni yeye yule!" Simu hamsini zikainuka.

"Baba zangu, mama zangu, nisaidieni gari," alisema Bi Mwatumu. "Mwanangu anatokwa damu. Hospitali ni nusu saa."

Bwana Shedrak Mapembe akajitokeza, akafunga kifungo cha koti.

"Mama, kwanza pole. Umoja wa Vyetezo hauna kinyongo na mtu. Lakini basi hili limebeba uso wa Malkia, na wewe juzi, ofisini, umemkana Malkia. Nikikupandisha kienyeji wanachama watanielewaje? Tuna matawi mia moja arobaini. Sema neno moja tu la radhi, tulirushe, twende kwa amani."

Bi Mwatumu akasema haraka kwamba anaomba radhi kwa Malkia.

"Ahsante. Ila jua lilikuwa nyuma yako, uso haukuonekana. Sogea huku."

Akasogea. Akasema tena, na safari hii akamtaja Malkia kwa jina, na akawashukuru Vyetezo kwa kuja kwao, maana ndivyo mtu anavyosema na wageni. Mwanachama mmoja wa Magoti Mawili akapaza sauti kwamba radhi bila goti si radhi. Wa Goti Moja akamwambia limtoshe moja. Wakaanza.

Bi Mwatumu akapiga magoti yote mawili kwenye tope.

Zamda alifungua macho kule kwenye mlango. "Mama," alisema. "Amka hapo."

Dereva wa basi lile aliitwa Songoro, mtu mzima, hakuwa chetezo wala nini, alikuwa ameajiriwa siku hiyo tu. Alikuwa kwenye choo cha vichakani. Alirudi anafunga mkanda, akaona mlango, akaona damu inadondoka kwenye nyasi, akaona simu.

"Mtu anakufa nanyi mnatafuta mwanga?" aliuliza. "Enyi watu! Mna mama nyinyi? Pisheni! Na mwenye kamati ashuke aendeshe kamati yake kwa miguu!"

Akamsukuma Bwana Shedrak kifuani, wakampandisha Zamda, basi likaondoka likiwa na mlango wa zahanati katikati ya viti. Tangu walipotoka majini mpaka gari lilipowaka ni dakika kumi na moja. Ziko kwenye video, mtu yeyote anaweza kuzihesabu. Bi Mwatumu alikuwa bado ameshika kile kifundo cha mguu, akihesabu mapigo, na kwenye kona ya kanisa, wakati paa la hospitali lilikuwa limeshaonekana, hakuwa tena na cha kuhesabu.

*

Karani wa vifo alikuwa na kitabu kipya kilicholetwa kutoka mji mkuu. Alimwandika jina, umri, na jina la mume.

"Kilichomchelewesha kufika hospitali?"

"Mto," alisema Bi Mwatumu.

Karani akafunua kurasa, akasoma, akasoma tena. Sauti yake ikashuka. "Mama, mto wa Lukwesa hapa umeandikwa salama. Kauli ni yako, na imethibitishwa mara mbili. Siruhusiwi kuandika kinyume na kitabu. Sijui… una sababu nyingine?"

Shaweji alikuwa ameegemea ukuta, nguo zinamchuruzika maji. Bi Mwatumu alitazama tope lililokauka kwenye magoti yake.

"Andika adabu," alisema.

"Adabu?"

"Andika: ameuawa na adabu za mama yake."

Karani alipitisha kidole kwenye orodha ya sababu zilizokubaliwa, ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho. Haikuwemo, na haikuwa imekatazwa. Akaiandika kama ilivyosemwa, akapuliza wino, akakata kile kipande cha karatasi na kumpa kwa mikono miwili.

"Pole sana, mama," alisema.

"Ahsante, baba," alijibu Bi Mwatumu. "Nimeshapoa."